Fumbo kwanza, kompyuta baadaye: mwongozo wa kufundisha hisabati Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa laptopu moja

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa hisabati mwenye wanafunzi sabini darasani, laptopu moja ya idara, projekta ya kuazima ofisini na umeme unaoweza kukatika katikati ya kipindi. Simu za wanafunzi tumeziacha kando kwa kuwa haziruhusiwi shuleni. Mifano ni ya Tanga mjini. Aliyeko Muheza au Pangani atabadilisha majina ya mitaa tu, hesabu ni zilezile.

Kanuni inayobeba kila kitu humu ni moja: kompyuta iwashwe mwanafunzi anapokuwa na wazo analotaka kulijaribu. Ikiwashwa kabla ya hapo inageuka sinema. Darasa linatulia, linatazama, kipindi kinaisha bila kelele, na kesho yake hakuna anayeweza kurudia hata hatua moja. Kwa hiyo kila somo hapa linaanza na chaki, na skrini inakuja ikihitajika.

Vifaa, na yanayokwamisha

Anza na vibao vidogo. Karatasi moja ya plywood ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Darasa la wanafunzi 72 likigawanywa watatu watatu ni vikundi 24, yaani karatasi 3 za plywood. Piga msasa, paka rangi nyeusi ya ubao mikono miwili, na acha ikauke usiku kucha kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Fundi akikuletea rangi ya mafuta inayong'aa, ikatae: chaki inateleza juu yake na kibao hakifai tena mpaka upige msasa upya. Kabla ya kuandika mara ya kwanza, sugua kibao kizima kwa chaki iliyolazwa ubavu, kisha futa. Usipofanya hivyo, mstari wa kwanza kabisa utabaki umejichora humo miezi.

Kwa nini kibao na si daftari? Mwanafunzi anaogopa kuandika kosa kwenye daftari kwa sababu halifutiki. Kwenye kibao anajaribu. Na wewe ukisimama katikati ya darasa unaona kazi ya vikundi vyote bila kuinamia dawati hata moja.

Kuhusu projekta, kagua mambo matatu siku moja kabla. Kwanza waya: projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA na laptopu mpya zina HDMI pekee, hivyo unahitaji adapta, na adapta ndiyo kitu cha kwanza kupotea ofisini. Pili, picha isipotokea ukutani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha ionekane sehemu zote mbili. Tatu mwanga: elekeza kwenye ukuta usiopigwa na jua la dirishani na kuza karatasi ya hesabu (spreadsheet) hadi asilimia 200, maana aliye dawati la nyuma haoni herufi za kawaida. Projekta ya taa ya moto usiichomoe ghafla. Izime kwa kitufe na usubiri feni yake isimame, la sivyo taa inaungua mapema, na taa ni ghali kuliko subira ya dakika mbili.

Programu zote zipakuliwe mapema na kujaribiwa bando likiwa limezimwa: LibreOffice kwa karatasi za hesabu, GeoGebra kwa grafu na jometri, Scratch ya kusakinisha kwenye kompyuta kwa kuunda programu rahisi. Zote tatu ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti.

Fumbo linalofaa

Mafumbo mengi yanayosambazwa kwenye magrupu ya walimu ni vitendawili vya ujanja: ukishajua jibu, yamekwisha. Hayo yaache kwa ajili ya baraza la Ijumaa. Fumbo la darasani liwe linaanza kwa hesabu ambayo hata mwanafunzi wa mwisho anaiweza, lisikubali kumalizwa kwa kubahatisha tu, na ukibadilisha namba moja lizae fumbo jipya. Jambo la nne linahusu Kidato cha Kwanza zaidi: maneno yawe machache. Mtoto ametoka kusoma Hisabati kwa Kiswahili na ghafla kila swali liko kwa Kiingereza. Mchoro wenye namba tatu unampa nafasi ya kufikiri kabla lugha haijamfungia mlango. Istilahi za Kiingereza ziandikwe ubaoni mwishoni, wakati tayari kuna kitu cha kukipa jina.

Somo la kwanza: kona tatu, pande tatu (dakika 80)

Fumbo hili ndilo tunalopendekeza kwa anayeanza, kwa sababu linabeba namba kamili, desimali, namba hasi na milinganyo sanjari kwa mchoro mmoja.

Chora pembetatu. Kila kona ina duara tupu, na katikati ya kila upande pana kisanduku chenye namba. Namba ya upande ni jumla ya kona mbili za upande huo. Pande ni 11, 14 na 9. Kona ni ngapi?

Dakika 5 za mwanzo ni za kugawa vikundi. Gawa kwa kadi za karata au vikaratasi vya namba, wasijichague; wakijichagua, waliozoea kunakili watakaa na wa kunakiliwa. Kila kikundi kina kipande kimoja cha chaki, na anayeshika chaki haandiki wazo lake, anaandika la wenzake. Chaki ibadilishe mkono kila baada ya dakika 5 hivi.

Dakika 15 zinazofuata, nyamaza. Watabahatisha, na wengi watafika: 6, 3 na 8. Hakikisha: 3 na 8 ni 11, 6 na 8 ni 14, 6 na 3 ni 9. Usisifu sana. Sema tu, "Haya, pande ni 11, 14 na 10." Hapa ndipo darasa linapoamka, kwa sababu kubahatisha kwa namba kamili kunagoma. Baadhi watatangaza kwamba fumbo lina kosa. Waache watangaze. Majibu ni 6.5, 3.5 na 7.5, na kikundi kitakachodiriki kujaribu nusu kitatokea chenyewe. Kisha toa 2, 5 na 9, ambalo linadai namba hasi: kona ni 6, 3 na −1.

Kufikia dakika ya 35 kuna vikundi vimekwama. Wawekee vikaratasi vya msaada vitatu, na uvitoe kimoja kimoja kwa kikundi kinachoomba:

1. Jumlisheni pande zote tatu.
2. Katika jumla hiyo, kila kona imehesabiwa mara ngapi?
3. Nusu ya jumla hiyo ni nini? Ukiutoa upande mmoja humo, kinabaki nini?

Karatasi ya pili ndiyo kiini cha somo zima. Kila kona imeingia mara mbili, kwa hiyo nusu ya jumla ya pande ni jumla ya kona tatu. Pande 11, 14 na 9 ni 34. Nusu yake 17. Ukitoa 11 inabaki 6, ambayo ni kona inayoutazama upande wa 11. Mwalimu anayelisema hili mwenyewe dakika ya 10 ameshamaliza fumbo badala ya wanafunzi, na saa moja iliyobaki haina kazi.

Sasa laptopu. Fungua karatasi ya hesabu. Kona ya juu iwe C2, ya chini kushoto A6, ya chini kulia E6. Andika fomula za pande: B4 iwe =C2+A6, D4 iwe =C2+E6, C6 iwe =A6+E6. Malengo yakae pembeni, H2, H3 na H4. Kisha kwenye C8 andika:

=IF(AND(B4=H2,D4=H3,C6=H4),"Sawa","Bado")

Karatasi hii haitoi jibu, inakagua tu. Kikundi kinamtuma mjumbe mmoja aje ajaze kona tatu mbele ya wote, na kabla hajagusa kibodi aseme kanuni aliyotumia. Neno "Sawa" likitokea, darasa litashangilia bila kuambiwa. Likitokea "Bado", usirekebishe wewe. Uliza darasa ni upande upi umekataa.

Kuna hitilafu inayowaumiza walimu wengi hapa. Laptopu za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi huja na mipangilio ya lugha ya huko. Fomula yenye mkato inakataliwa mpaka uweke nukta-mkato kati ya sehemu zake, na ukiandika 3.5 kompyuta inaweza kuigeuza tarehe, kwa kuwa kwao desimali ni 3,5. Badilisha mipangilio ya eneo iwe Kiingereza kabla ya kipindi. Jambo jingine: funga seli za fomula na uache wazi zile za kona tu, maana mjumbe wa tatu kwa kawaida anafuta B4 kwa bahati mbaya. Weka nakala ya faili kwenye flashi.

Umeme ukikatika, hakuna kilichoharibika. Mjumbe anaandika kona ubaoni na darasa linakagua kwa kichwa.

Kalkuleta ya dukani dhidi ya simu ya mwalimu

Hili ni la dakika 20, na linafaa unaporudia MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa). Azima kalkuleta ndogo ya dukani, ile ya vitufe vikubwa. Mwanafunzi mmoja abonyeze 2 + 3 × 4 juu yake, mwingine kwenye simu yako. Simu inasema 14, kalkuleta inasema 20. Ipi mbovu?

Waache wabishane, kisha waelekeze macho kwenye kioo cha kalkuleta wakati wa kubonyeza. Baada ya 2, +, 3, mwanafunzi akibonyeza tu ×, kabla hajaigusa 4, kioo kinaonyesha 5. Kalkuleta imeshajumlisha. Haisubiri kuona kinachokuja, wakati simu inasoma mstari mzima kabla ya kukokotoa. (Jaribu kalkuleta yako nyumbani kwanza, zile za kisayansi zinafanya kama simu, na fumbo litakufia mkononi.)

Peleka sokoni: machungwa 6 ya shilingi 150 na maembe 4 ya shilingi 250. Ukibonyeza 6 × 150 + 4 × 250 mfululizo, kalkuleta ya dukani inadai shilingi 226,000. Kazi ya vikundi ni kueleza hiyo 226,000 imetoka wapi, kisha kutafuta namna ya kupata 1,900 kwa mashine hiyohiyo. Wanaojua vitufe vya kumbukumbu watafanya 6 × 150, M+, halafu 4 × 250, M+, kisha MRC. Wasiojua wataandika 900 pembeni, na hilo ni jibu halali pia.

Malizia na 10 − 4 + 3. Mashine zote mbili zinasema 9, lakini utakuta wanafunzi wanaosema 3, tena kwa uhakika, kwa sababu wameifuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi: jumlisha kwanza, ndipo utoe. Ni kosa wanalotoka nalo msingi na kuingia nalo sekondari bila kuguswa. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja. Unakwenda kutoka kushoto kulia. Darasa likiona mashine mbili zinazogombana kwa 2 + 3 × 4 zikikubaliana hapa, maelezo yako yatahitaji sentensi mbili tu.

Barabara za Ngamiani

Tanga ina darasa la jometri lililojengwa tayari: barabara za namba za Ngamiani, zilizonyooka na kukatwa na nyingine hadi ramani inafanana na karatasi ya grafu. Pakua ramani ya eneo hilo kwenye simu ukiwa na mtandao, iweke ukutani kwa projekta kwa dakika moja, halafu izime. Chora gridi safi ubaoni: mistari 4 ya kulala na 5 ya kusimama. Mtu yuko kona ya juu kushoto, anakwenda kona ya chini kulia, na haruhusiwi kurudi nyuma. Ni kulia au chini tu. Ana njia ngapi tofauti?

Kosa la kwanza litatokea ndani ya dakika moja: wanafunzi wanachanganya makutano na vipande vya barabara. Mistari 5 inatoa vipande 4. Sahihisha hilo mapema, vinginevyo vikundi vitatatua mafumbo mawili tofauti na kugombana bure.

Waambie waanze na gridi ndogo ya vipande 2 kwa 2. Wakichora kwa rangi watapata njia 6. Vipande 3 kwa 4 havichoreki, na lazima wapate akili nyingine: kila makutano yanafikiwa kutoka juu au kutoka kushoto tu, kwa hiyo idadi ya njia za kuyafikia ni jumla ya idadi za jirani hao wawili. Ukingo wa juu na wa kushoto ni 1 kote. Mstari wa pili unakuwa 1, 2, 3, 4, 5. Wa tatu 1, 3, 6, 10, 15. Wa nne 1, 4, 10, 20, 35. Jibu ni 35.

Kwenye karatasi ya hesabu jaza 1 kwenye A1 hadi E1 na A1 hadi A4. Kwenye B2 andika =A2+B1, kisha vuta hadi E4. Ikitokea 35, uliza swali ambalo kwa chaki lingechosha: mtaro umechimbwa kwenye makutano ya C2 na hapapitiki. Vikundi vikisie kwanza, waandike makisio kibaoni. Kisha andika 0 kwenye C2. Kila kilicho chini yake na kulia kwake kinabadilika papo hapo, na E4 inasoma 17. Wengi huwa wamekisia 32, kwa kutoa ile 3 iliyokuwa hapo. Kueleza kwa nini zimepotea njia 18 (3 za kufika C2 mara 6 za kutoka hapo hadi mwisho) ni kazi ya nyumbani nzuri kwa Kidato cha Pili.

Shufwa, witiri na safari ndefu ya 27

Chukua namba yoyote. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 na uongeze 1. Rudia mpaka ufike 1. Mjerumani Lothar Collatz alilitoa fumbo hili mwaka 1937, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba lazima ifike. Waambie wanafunzi hivyo. Inawafurahisha kujua hisabati bado ina milango iliyofungwa.

Kila kikundi kipewe namba yake kati ya 5 na 20. Kutoka 6 ni hatua 8, kutoka 7 ni hatua 16, na 12 na 13 zote ni hatua 9. Jedwali la pamoja ubaoni litaonyesha vurugu hiyo. Usimpe mtu 27 kwa mkono, ni ukatili. Iweke A2 kwenye kompyuta, A3 uandike =IF(MOD(A2,2)=0,A2/2,3*A2+1), na uvute hadi A113. Inachukua hatua 111 na inapanda hadi 9,232 kabla ya kuanguka. Jirani yake 26 inamaliza kwa hatua 10. Chora grafu ya mstari, umalize. Ukivuta zaidi ya A113, namba 4, 2, 1 zitajirudia bila kikomo. Huo ni mzunguko wa kawaida na fomula haijaharibika.

Ukiwa na chumba cha kompyuta

Wanafunzi wawili kwa kompyuta, hata kama zipo za kutosha. Mmoja peke yake akikwama anakaa kimya. Kwenye Scratch, waombe wachore pembetatu sawa kwa kurudia mara 3 "sogea 100, geuka 60". Watapata nusu ya pembesita, kwa sababu paka wa Scratch anayechora anageuka kwa pembe ya nje, na ya pembetatu sawa ni 120. Kutoka hapo wanafika wenyewe kwenye 360 gawanya kwa idadi ya pande. Wa haraka watafute nyota ya ncha tano: mara 5, geuka 144.

GeoGebra itumie kwa mteremko. Weka nukta tatu zilizo kwenye mstari mmoja, na vitelezi viwili vya m na c kwa mstari y = mx + c. Kikundi kitaje thamani kabla ya kitelezi kusogezwa. Wakiachiwa kukiburuta ovyo mpaka mstari uguse nukta, hawajifunzi chochote.

Kupima walioelewa

Plickers, programu ya simu inayosoma majibu kwenye kadi kwa kamera, inatosha: kadi za kuchapa, simu moja ya mwalimu. Seti ya kawaida ina kadi 40 na ile kubwa 63, hivyo kwa wanafunzi 72 kumpa kila mtu haiwezekani; toa moja kwa kila kikundi. Zichapishwe kwenye karatasi ya kawaida, usizifunike nailoni inayong'aa kwa sababu mng'ao unaizuia kamera, na waambie wasifunike alama kwa vidole. Inahitaji bando, kwa hiyo weka swali lilelile ubaoni kama akiba.

Swali la kupima lisiwe fumbo lilelile lenye namba mpya. Baada ya somo la pembetatu, toa mraba: kona nne, na pande kwa mfuatano ni 7, 5, 9 na 8. Halina jibu. Pande zinazotazamana lazima zilingane zikijumlishwa, kwa kuwa kila jozi inabeba kona zote nne. Kikundi kinachosema "haiwezekani, maana 7 na 9 ni 16 lakini 5 na 8 ni 13" kipewe alama zote. Kinachosema "haiwezekani, tumejaribu sana" kirudishiwe kibao.